Supu ya mifupa ni nzuri, lakini isichukue nafasi ya nyama kwenye sahani ya mtoto

Leo tunaingia jikoni, kwa sababu kazi ya ugani haiishii bandani. Mfugo ukishachinjwa, maarifa ya kuutumia vizuri ni sehemu ya ufugaji pia.

Maswali kuhusu supu ya mifupa yamekuwa mengi. Kuna anayeuliza kama ni kweli inaunganisha mfupa uliovunjika. Kuna mama aliyeambiwa ampe mtoto wa miezi minne supu ya kongoro ili miguu ipate nguvu. Kuna mzee wa magoti aliyeuziwa kopo la unga wa kolajeni kwa bei ambayo angeweza kununulia jogoo wawili. Wote ninawajibu kwa pamoja, na nitasema msimamo wangu mapema ili usisubiri mwisho: supu ya mifupa ni chakula kizuri, cha gharama ndogo, na kila kaya inaweza kuipika. Si dawa, si maziwa, na si nyama. Tatizo letu kubwa si watu kutokunywa supu. Tatizo ni supu kugeuzwa kuwa fungu la mtoto wakati minofu iko kwenye sahani nyingine.

Supu ni yetu, hatukuletewa

Siku hizi supu ya mifupa inatangazwa kama kitu kipya kutoka Marekani na Ulaya. Wewe na mimi tunajua kwamba asubuhi katika miji yetu mingi mtu anapata supu ya kongoro kwa chapati, anakamulia ndimu, anaweka pilipili, anaenda kazini. Kilimanjaro mama aliyejifungua anapikiwa mtori, ndizi zilizopondwa zikachanganywa na supu na nyama. Wamaasai huchemsha nyama na mifupa pamoja na magome na mizizi, ikiwemo gome la okiloriti. Pwani kuna supu ya pweza. Kwa hiyo hakuna haja ya mtu kutuuzia kwa bei ya dhahabu kitu ambacho bibi zetu walikipika kwa mifupa iliyobaki.

Ila kuwa cha kwetu hakufanyi kila linalosemwa juu yake kuwa kweli. Tuangalie kilichomo ndani ya sufuria.

Ukichemsha mfupa, nini kinatoka?

Mfupa umejengwa kwa vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni madini, hasa kalsiamu na fosforasi, ndiyo yanayoupa ugumu. Cha pili ni protini iitwayo kolajeni, ambayo ipo pia kwenye ngozi, kano na gegedu. Ndani ya mifupa mikubwa kuna uboho, ambao kwa ng'ombe mkubwa sehemu kubwa yake ni mafuta.

Ukichemsha kwa muda mrefu, kolajeni inalegea na kugeuka jelatini. Ndiyo ile inayofanya supu ya kongoro igande ikipoa, na inate midomoni ukinywa ya moto. Mafuta nayo yanatoka na kuelea juu. Sehemu ya chumvichumvi na ladha inaingia kwenye maji. Lakini kalsiamu, ambayo watu wengi wanaitafuta, haitoki kirahisi. Imejifunga kwenye mfupa kwa namna ambayo maji ya moto peke yake hayaifungui. Ndiyo maana baada ya saa nne mfupa wa ng'ombe bado ni mgumu. Ungekuwa umetoa kalsiamu yake yote, ungeweza kuukunja kwa mkono.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1934 watafiti watatu wa Uingereza, McCance, Sheldon na Widdowson, walichunguza supu ya mifupa na mboga ambayo wakati huo ilipendekezwa sana kwa watoto wachanga. Walikuta kwamba mifupa yenyewe inatoa madini kidogo, na kwamba mboga zilizowekwa ndani ndizo zilizoongeza madini mengi. Kwa kalsiamu, supu haikufikia maziwa.

Kwa lugha ya jikoni: kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe, kama mililita 250, kina takriban miligramu 300 za kalsiamu. Kikombe cha supu ya kawaida ya nyumbani kina sehemu ndogo tu ya hiyo. Ukikamulia ndimu au kuweka siki kidogo mwanzoni, asidi inasaidia kutoa madini zaidi, lakini bado hutaifikia maziwa. Ukitaka kalsiamu ya mfupa, kula mfupa wenyewe: dagaa wakavu wanaliwa wazima na mifupa yao. Konzi ya dagaa waliosagwa inamfaa mtoto kuliko sufuria nzima ya supu.

Na kolajeni je?

Hapa kuna biashara kubwa, kwa hiyo sikiliza vizuri. Kolajeni unayokunywa haiendi moja kwa moja kwenye goti lako. Tumbo linaivunja vipande vidogo kama linavyovunja protini nyingine yoyote, kisha mwili unatumia vipande hivyo unapovihitaji. Ni vipande halali vya kujengea mwili. Lakini jelatini ina upungufu mmoja mkubwa: haina kabisa amino asidi iitwayo triptofani, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe.

Wafaransa walijifunza hili kwa gharama. Katika karne ya 19 palikuwa na mpango wa kuwalisha maskini na wagonjwa wa Paris kwa mchuzi wa jelatini iliyotolewa kwenye mifupa, kwa hoja kwamba ni sawa na nyama na ni rahisi. Tume ya wanasayansi iliyoongozwa na François Magendie ilichunguza kwa miaka mingi, na ilipotoa taarifa yake mwaka 1841 ilionyesha kwamba mbwa waliolishwa jelatini pekee hawakuweza kuishi. Jelatini haikuweza kuchukua nafasi ya nyama.

Miaka karibu 200 imepita na bado kosa hilo linafanyika kwenye nyumba zetu, kwa nia njema kabisa.

Supu kwa mtoto, nyama kwa nani?

Ukitembelea kaya siku ya nyama utaona mgawanyo wake. Baba anapewa minofu. Wageni wanapewa minofu. Mtoto wa miaka miwili anapewa ugali uliolowekwa kwenye mchuzi, na ukiuliza utajibiwa, "Nguvu yote imeshaingia kwenye mchuzi." Si kweli. Sehemu kubwa ya protini ya nyama na madini chuma imebaki kwenye nyama yenyewe. Kilichoingia kwenye mchuzi ni ladha, mafuta, chumvi na jelatini.

Hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa. Hiyo ni mikoa inayolisha nchi! Mahindi yapo, viazi vipo, mifugo ipo. Kwa hiyo udumavu wetu hauletwi na ghala tupu peke yake. Unaletwa pia na magonjwa ya mara kwa mara, maji na choo visivyo salama, na namna tunavyogawa chakula ndani ya nyumba.

Baba unayesoma hapa, nakuomba ulipokee hili bila kukasirika. Mwili wako umeshamaliza kurefuka. Wa mwanao unajengwa sasa, na siku 1,000 tangu mimba hadi miaka miwili hazirudi. Vipande viwili vya nyama vikikatwa vidogo na kupondwa vizuri vikaingia kwenye bakuli la mtoto, heshima yako mezani haipungui. Mwambie mama mwenyewe, kwa mdomo wako, "Anza na mtoto." Maana akina mama wengi wanajua la kufanya, ila wanaogopa wataonekana wamemnyima mwenye nyumba.

Kwa umri, fuata hivi:

1. Chini ya miezi sita: maziwa ya mama pekee. Hakuna supu, hakuna maji, hakuna uji. Supu inajaza tumbo dogo na inamfanya anyonye kidogo.

2. Miezi sita na kuendelea: endelea kunyonyesha na anza chakula cha nyongeza kilicho kizito, kinachokaa kwenye kijiko bila kumwagika. Unaweza kutumia supu isiyo na chumvi wala pilipili badala ya maji unapopika ndizi, viazi au mchele wa kuponda. Humo ponda na nyama, maini kidogo, yai, maharage au dagaa.

3. Mtoto anayeharisha: mpe ORS na zinki kama utakavyoelekezwa kituo cha afya, na aendelee kunyonya na kula. Supu yenye chumvi nyingi si mbadala wa ORS.

Kwa hiyo supu ina faida gani?

Usidhani nimekuja kuimwaga supu. Faida zake ninazihesabu hivi.

Inarudisha hamu ya kula. Mgonjwa aliyekataa ugali siku mbili anaweza kukubali kikombe cha supu ya kuku, na baada yake akaomba chakula. Inampa maji, na mvuke wake unafungua pua iliyoziba kwa mafua. Inafanya mboga na nafaka ziliwe kwa furaha: maharage, mchicha, ndizi au wali uliopikwa kwa supu unaliwa ukaisha. Na inaokoa fedha, kwa sababu mifupa buchani ni nafuu kuliko steki, na unapopata mifupa yenye nyama iliyoshika, unapata vyote viwili.

Kuhusu mfupa uliovunjika: kwanza hospitali, ufungwe vizuri. Kisha chakula chenye protini ya kutosha, maziwa au dagaa, mboga na matunda. Supu ikiwepo mezani ni sawa, ila isiwe ndiyo tiba.

Wapo wanaopaswa kuwa waangalifu. Mwenye jongo ajue kwamba vitu vinavyoongeza asidi ya yuriki vinatoka kwenye nyama na kuingia kwenye supu. Mwenye shinikizo la damu aangalie chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Viungo vya supu vya vidonge na pakiti vya dukani vimejaa chumvi, kwa hiyo ukivitumia usiongeze nyingine.

Supu salama inaanzia kwa mnyama

Hapa ndipo kwenye fani yangu, na hapa sitalegeza kamba.

Usipike mifupa ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Kimeta kinaua watu, na hatari yake inaanza kabla ya sufuria, pale unapochuna na kukata. Ng'ombe au mbuzi akifa ghafla na damu ikatoka puani au sehemu ya haja, usimguse na usimpasue. Toa taarifa.

Nunua kwenye bucha ambayo nyama yake imekaguliwa na kupigwa muhuri. Ukichinja nyumbani, mwite mkaguzi wa nyama.

Heshimu muda wa kusubiri baada ya dawa. Wafugaji wengi mnachoma sindano ya OTC, yaani oksitetrasaiklini. Dawa za kundi hili zina tabia ya kujishika na kalsiamu, hivyo hukaa kwenye mifupa kwa muda mrefu. Mnyama aliyechomwa wiki iliyopita akachinjwa leo, mifupa yake haifai kwa supu. Usitegemee moto utaisafisha. Soma siku zilizoandikwa kwenye chupa, andika tarehe ya sindano kwenye daftari, na usimuuzie jirani mnyama ambaye wewe mwenyewe usingemla.

Na kongoro lisibabuliwe kwa tairi wala plastiki. Moshi wake una sumu inayobaki kwenye ngozi. Tumia kuni kavu, moto wa gesi, au maji ya moto na kisu kikali.

Namna ya kupika nyumbani

Mahitaji kwa familia ya watu sita:
- Mifupa ya ng'ombe kilo 2, ikiwezekana mchanganyiko wa mifupa ya uboho na ya maungio, au kongoro moja lililokatwa
- Maji lita 4 hadi 5
- Ndimu 2
- Kitunguu maji 1, kitunguu saumu, na kipande cha tangawizi
- Karoti 2 na nyanya 2, au mboga uliyonayo
- Chumvi kidogo, mwishoni

Hatua:

1. Osha mifupa kwa maji safi. Ichemshe kwa dakika 10, mwaga maji hayo, osha tena mifupa na sufuria. Supu itakuwa safi na haitakuwa na harufu nzito.

2. Weka maji mapya ya baridi yafunike mifupa, kamulia ndimu moja, bandika jikoni. Ikianza kuchemka punguza moto iwe inatokota polepole. Enguа povu linalopanda.

3. Kwa mifupa ya ng'ombe na kongoro acha saa 3 hadi 4. Mbuzi saa 2 zinatosha. Kuku wa kienyeji saa 1 na nusu hadi 2. Ongeza maji ya moto yakipungua.

4. Nusu saa kabla ya kuipua weka kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu na mboga. Usizimwage mboga, ziliwe, kwa sababu ndizo zenye madini na vitamini.

5. Toa mifupa, gonga uboho utoke, nyofoa nyama yote iliyoshika. Nyama hiyo rudisha kwenye supu au weka kwenye bakuli la watoto. Kagua kwa vidole usiache kipande cha mfupa.

6. Gawa kwanza ya mtoto mdogo, ndipo uweke chumvi. Ndimu iliyobaki na pilipili kila mtu aweke kwenye kikombe chake.

Usidanganywe kwamba lazima uchemshe saa 24. Kwa mkaa wetu huo ni uharibifu wa fedha na wa misitu, na kinachoongezeka baada ya saa 4 hakilingani na mkaa ulioteketea. Kama unaweza kupata sufuria ya presha au jiko la umeme la presha, kongoro linalainika kwa saa 1 hadi 1 na nusu. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na vyakula vya kuchemka muda mrefu kama kongoro na maharage ndivyo ambavyo presha inalipa haraka zaidi. Vikundi vya akina mama mnaweza kununua moja kwa kuchangia.

Kuihifadhi

Watu wengi huipika vizuri wakaiharibu usiku. Sufuria kubwa ya supu iliyofunikwa na kuachwa juu ya meza hupoa taratibu sana, na ule uvuguvugu ndio vijidudu vinaoupenda. Vingine vina mbegu zinazostahimili kuchemshwa, zikakaa zikisubiri supu ipoe.

Kwa hiyo usiiache zaidi ya saa 2 nje. Igawe kwenye vyombo vidogo, viweke kwenye beseni la maji baridi, kisha kwenye friji. Humo itakaa siku 3. Kwenye friza inakaa miezi 2 hadi 3. Kabla ya kunywa chemsha mpaka itokote kabisa, usipashe tu. Kama huna friji, pika ya siku moja na iishe siku hiyo. Ikibadilika harufu au ikatoa povu, mwaga, usiionje.

Mifupa iliyobaki usiitupe ovyo. Ichome mpaka iwe meupe na ianze kumeng'enyuka, isage, na uchanganye kidogo kwenye chakula cha kuku wanaotaga, au upeleke shambani. Mbwa usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inapasuka na kumchoma tumboni.

La kuondoka nalo

Siku nyingine mifupa ikiwa jikoni, ihesabu supu kama kionjo na kiokoa bajeti. Kalsiamu itafute kwenye maziwa na dagaa. Madini chuma yatafute kwenye nyama, maini na maharage. Fedha ya kopo la kolajeni nunulia mayai. Na kabla ya kuinua kijiko chako, angalia bakuli la mdogo kuliko wote pale mkekani: kama lina mchuzi tu, punguza kwenye sahani yako.

Ukikwama kwenye lolote la mifugo, iwe muda wa dawa au ukaguzi wa nyama, mtafute afisa ugani wa kata yako. Kwa lishe ya mtoto, nenda kliniki na kadi yake. Tukutane wiki ijayo.